Barua ya Kwenda Lodwar

Katika nyumba moja ya mtaani kwetu, ambayo hatutaitaja kwa kuwa wenyewe ni watu wa staha, habari njema ilipokewa kama habari ya msiba. Binti wa nyumba hiyo alikuwa amemaliza masomo ya udaktari, wa kwanza katika ukoo wao, na barua ya kumpangia mwaka wake wa uanagenzi ilipofika, ilisema aende Lodwar, kaunti ya Turkana. Mama yake akalia. Baba yake, mtu mpole asiyezoea kuomba, akaanza kupiga simu akimtafuta mtu amjuaye mtu wa kuibadilisha barua. Shangazi aliyekuja kuwapa pole, naam, pole, akauliza swali ambalo kila aliyekuwapo alikuwa nalo moyoni: "Mtoto wa watu ende jangwani, akajifunze nini huko?"

Hatumlaumu shangazi. Kwetu Pwani jina la Lodwar limebeba harufu ya adhabu tangu enzi za mkoloni. Huko ndiko Waingereza walikomweka Jomo Kenyatta kuanzia mwaka 1959 hadi 1961, baada ya kumtoa gerezani Lokitaung, kwa sababu palikuwa vigumu kufika na vigumu zaidi kutoroka. Baada ya Uhuru, mtumishi wa serikali aliyemkera mkubwa wake alitishiwa kupelekwa huko huko. Kutoka Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Wapita Nairobi, wapita Kitale, washuka milima ya Pokot hadi kwenye tambarare ya joto na miti ya miiba, ndipo uuone mto Turkwel na mji uliokaa kando yake. Ukiendelea kaskazini kiasi cha kilomita 120 wafika Kakuma, ambako tangu mwaka 1992 pana kambi ya wakimbizi, na jirani yake makazi ya Kalobeyei. Watu wa kambi na makazi hayo kwa pamoja wanakaribia 300,000.

Hata hivyo swali la shangazi lastahili jibu, maana haliwahusu binti yule na wazazi wake peke yao. Latuhusu sote tunaolala katika vitanda vya hospitali tukimtazama daktari kijana akituinamia. Huyu amefunzwa wapi, na ameona nini?

Sisi katika nyumba zetu tuna namna yetu ya kuipima hospitali. Twauliza kama jengo ni jipya, kama kuna skani, kama dawa zatoka humo humo ama tutatumwa dukani. Na mgonjwa akishalazwa, twatazama kama amewekewa maji. Dripu ikining'inia nyoyo zatulia. Isiponing'inia, jamaa huanza kunong'ona kwamba mgonjwa wao ametupwa. Ni mara ngapi tumesikia, au tumesema wenyewe, "Mwekeeni maji jamani, hamuoni alivyolegea?"

Katika wodi ya watoto ya Turkana, ombi hilo laweza kumuua mtoto.

Kaunti ile hupigwa na ukame mara kwa mara. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, mifugo ikafa, na maziwa, ambayo ndiyo chakula cha mtoto wa mfugaji, yakakatika. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huletwa hospitalini akiwa amelegea, macho yameingia ndani, ngozi imekunjamana au miguu imevimba. Asiyejua atasema amekaukiwa maji. Kumbe moyo wa mtoto huyo umedhoofika pamoja na misuli yake mingine, figo zake haziimudu chumvi, na maji yakimiminwa kwa kasi mshipani humzidi nguvu: mapafu hujaa, moyo husimama. Na chakula vivyo hivyo. Ukimshibisha siku ya kwanza kwa huruma, huruma hiyo yaweza kuwa ndiyo mauti yake.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wataka siku za mwanzo apewe maziwa maalumu yaitwayo F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Apashwe joto. Sukari ya damu yake itazamwe. Apewe dawa za kuua vijidudu hata kama hana homa, kwa kuwa mwili wake hauna nguvu hata ya kuwasha homa. Dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma, ambazo mtu angezikimbilia kwanza akiona mtoto amepauka, zingoje mpaka aanze kupona. Karibu kila agizo hapo laenda kinyume na yale ambayo moyo wa mzazi ungetaka, na kinyume na yale ambayo daktari mwenye haraka angefanya.

Fikirini mama aliyetembea kutwa nzima na mtoto mgongoni, kisha aambiwe ampe vijiko vichache vya maziwa na angoje. Ataona mwanawe ananyimwa. Muuguzi aliyefunzwa vyema alijua hilo kabla mama hajafungua kinywa. Huketi naye, akamweleza kwa Kiturkana kwa nini kijiko na si kikombe, kisha saa nane za usiku akaamka kuhakikisha kijiko kimetolewa. Hapo hakuna mashine. Kuna mtu anayejua, na anayejua kwa nini.

Mtasema hayo ni ya watoto wenye utapiamlo, nasi wetu, alhamdulillahi, wanakula. Basi na turudi Pwani. Kwa miaka mingi madaktari duniani walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye mikono na miguu imeanza kupoa kwa sababu damu haizunguki vizuri, amiminiwe maji haraka mshipani. Fundisho hilo lilitoka katika hospitali za nchi tajiri, na lilikuwa halijapimwa sawasawa katika hospitali zetu. Daktari Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha Kilifi na wenzake walilipima kwa watoto 3,141 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Kilifi ilikuwamo, na Muheza ya mkoa wa Tanga ilikuwamo. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji haraka, baina ya 10 na 11 walikuwa wamefariki katika muda wa saa 48. Kwa wale ambao hawakumiminiwa, walikuwa 7.

Tusieleweke vibaya. Mtoto anayeharisha na kutapika anahitaji maji, ya mdomoni kwanza, na ya mshipani akizidiwa. Watoto wa namna hiyo hawakuwa katika utafiti ule. Tunalotaka lionekane ni jingine. Watoto wale hawakuwa mikononi mwa wazembe. Walitibiwa na watu waliofuata kwa uaminifu kile walichofundishwa, na kilichofundishwa ndicho kilichokuwa na kasoro. Daktari aliyehitimu mwaka 2005 na asirudi tena darasani alibaki na elimu ile ile kichwani, na cheti ukutani. Kina mama wa Kilifi na Muheza waliokubali watoto wao waingizwe katika utafiti, wengine usiku wa manane wakiwa hawajui kama mtoto ataiona asubuhi, wamewafunza madaktari wa dunia nzima. Hatujawahi kusikia wakishukuriwa kwa majina, basi na tuwashukuru hapa kwa jumla.

Turudi Turkana, maana huko liko jambo ambalo binti yetu asingelikuta Mombasa hata akikaa miaka kumi. Kuna tegu mdogo sana anayeishi matumboni mwa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, na mtu akiyameza, kwa maji au kwa mikono, yaweza kuota ndani ya ini au pafu yakawa kifuko cha maji kinachokua polepole kwa miaka, pengine kikalingana na tikiti. Waganga huuita ugonjwa huu haidatidi. Kaskazini magharibi mwa Turkana ni miongoni mwa sehemu zilizoandikwa kuwa na ugonjwa huo kwa wingi kupita kwingine kote duniani, na wanawake huupata zaidi ya wanaume. Wafugaji wale huishi na mbwa boma moja, na maji ya kunawa ni haba. Msomaji wetu aliyelelewa katika adabu zetu za tohara atashituka, lakini asiharakishe kuhukumu: mtu anayechimba mchanga wa mto mkavu ili apate debe moja la maji hapimwi kwa kipimo cha mwenye mfereji uani.

Shirika la AMREF, lile la madaktari wa ndege, lilianza mpango wa kuuzuia ugonjwa huo Turkana mwaka 1983. Mwanzoni tiba ilikuwa kisu. Lakini kifuko kile kikipasuliwa au kikidungwa ovyo na maji yake yakamwagika tumboni, mgonjwa aweza kufa papo hapo kwa mshtuko wa mwili, na akinusurika, kila tone lililomwagika laweza kuota kifuko kipya. Mwanamke aliyekuwa na uvimbe mmoja akarudi baada ya miaka na kumi. Ndipo watafiti walipochukua mashine ya skani ya kubebeka wakaizungusha maboma kwa maboma, jambo geni sana katika miaka ya themanini, wakajifunza kuvisoma vifuko kwa picha: hiki bado ni kichanga, hiki kimekomaa, hiki kimekufa chenyewe wala hakimdhuru mtu. Kutokana na kusoma huko ukapatikana mpango wa tiba unaotumika hata nje ya Afrika. Wa kwanza atapewa vidonge vya albendazole. Wa pili atadungwa kwa sindano, kwa uangalifu na utaratibu maalumu, chini ya macho ya skani. Wa tatu atapasuliwa. Na wa nne ataambiwa arudi nyumbani, aje mwakani atazamwe tena.

Huyo wa nne ndiye mtihani wa daktari. Kumpasua mtu kwahitaji ujuzi wa mikono. Kumwambia mtu mwenye uvimbe ini mwake kwamba hana haja ya kupasuliwa, kwahitaji daktari awe na uhakika wa alichokiona kwenye picha. Skani ni ile ile mikononi mwa wote wawili, aliyefunzwa na asiyefunzwa.

Upo pia ugonjwa wa kala-azar, unaoletwa na usubi wakaao katika vichuguu na nyufa za ardhi. Homa huenda na kurudi kwa majuma, mgonjwa hukonda, bandama huvimba. Asipotibiwa, karibu hakuna anayepona. Daktari aliyezoea Pwani akiona homa na bandama hufikiri malaria, na huenda kipimo cha malaria kikamuunga mkono, maana mtu aweza kuwa na yote mawili. Atatoa dawa, homa itapoa siku mbili, mgonjwa ataruhusiwa, na siku zitakuwa zimepotea. Mwenzake aliyefunzwa Turkana huuliza swali moja zaidi, homa hii ina siku ngapi, kisha hutia mkono chini ya mbavu za kushoto. Ikiwa imepita wiki mbili na bandama imeshuka, hutoa tone la damu akalipima kwa kijiti. Mwaka 2010 ilipendekezwa kwa Afrika Mashariki tiba ya sindano za dawa mbili kwa siku 17, badala ya siku 30 za dawa moja. Tiba ipo. Lakini huanza pale mtu anapokumbuka kuuliza.

Katika hayo yote tumesema "daktari", na kwa Turkana neno hilo laficha jambo. Mgonjwa wa vijijini hamfikii daktari kwanza. Humfikia muuguzi wa zahanati, au afisa wa kliniki aliyesoma miaka mitatu ya diploma, na mara nyingi huyo ndiye wa kwanza na wa mwisho kumwona. Daktari wa kutoka mbali huja kwa mwaka mmoja au miwili, akaanza kuizoea kazi, akahama. Anayebaki ni yule aliyezaliwa huko. Ndiyo maana tawi la chuo cha KMTC lililoko Lodwar, linalowafunza vijana wa Turkana nyumbani kwao, lina uzito kwa wagonjwa wa kule kuliko jengo lolote jipya. Lokichoggio, kaskazini ya Kakuma, iliwahi kuwa na hospitali kubwa ya Msalaba Mwekundu, Lopiding, iliyowatibu majeruhi wa vita vya Sudan kuanzia mwaka 1987. Wapasuaji wa nchi mbalimbali walipita pale. Mwaka 2006 hospitali ikakabidhiwa kwa Kenya, na wageni wakaenda zao. Elimu iliyobaki katika nchi ile ni ile tu iliyokuwa imeingia katika mikono ya wenyeji.

Na elimu huingiaje mikononi? Hapa tuna ushahidi wa karibu, na hausemi yale ambayo wapenzi wa semina za hotelini wangependa kusikia. Katika hospitali nane za wilaya nchini Kenya, watafiti walijaribu njia mbili za kuwafunza wahudumu wa watoto. Nne zilipewa semina ya siku moja na nusu na taarifa za maandishi. Nne nyingine zilipewa mafunzo ya siku tano na nusu, mwongozo wa kutundikwa ukutani, msimamizi wa kuwatembelea, na mwenzao mmoja wa hapo hapo wa kuwakumbusha kila siku. Baada ya miezi 18 wakahesabu. Watoto waliopewa dozi ya kwinini iliyozidi kiasi cha hatari walikuwa 7.5 kwa kila 100 katika hospitali za semina fupi, na 1 tu kwa kila 100 katika zile nyingine. Waliopewa maji sawasawa kwa upungufu mkali wa maji walikuwa kama 41 kwa 100 upande mmoja, na 67 upande wa pili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011, na yatupasa tuyasome kwa macho mawili: mafunzo mazuri yalileta tofauti kubwa, na hata huko yalikofika, theluthi moja ya watoto wale bado hawakupata maji yao ipasavyo.

Kaskazini mwa Tanzania, katika hospitali ya Haydom, wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Katika mtihani wa mwanasesere walifanya vizuri kuliko kabla. Chumbani kwa uzazi, mbele ya mtoto wa kweli, hakuna kilichobadilika. Hospitali ikageuza mtindo. Mwanasesere akawekwa hapo hapo wodini, na wakunga wakawa wanafanya mazoezi ya dakika chache mara kwa mara, kama mtu anavyorudia juzuu aliyoihifadhi ili isimtoke. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000 waliozaliwa. Hakuna aliyepandishwa cheo wala kujengewa jengo. Mikono ilizoeshwa tu.

Sasa twende Kakuma, na hapa tunazungumza na akina mama hasa.

Miongoni mwa wakimbizi wa Kakuma wamo Wasomali na Wasudani ambao ni ndugu zetu wa dini. Wamo pia watu wenye mizizi ya karibu nasi kuliko tunavyodhani: mwaka 2002 maelfu ya wale waitwao Wabantu wa Somalia walihamishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi Kakuma ili waandaliwe kwenda Marekani, na baadhi yao walikuwa bado wanazungumza Kizigua, lugha ya babu zao waliochukuliwa utumwani kutoka bara la Tanga katika karne ya 19. Mwanamke wa namna hiyo akiumwa uchungu wa uzazi mbele ya daktari kijana asiyejua lugha yake, nani atatafsiri? Mara nyingi huwa ni mwanawe, mvulana wa miaka 12 aliyejifunza Kiswahili na Kiingereza shuleni kambini. Mama gani atamwambia mwanawe wa kiume mahali anapoumwa? Atasema kichwa. Ataandikiwa dawa ya kichwa.

Mafunzo mazuri humfundisha tabibu kumtoa mtoto yule nje na kumtafuta mkalimani mwanamke kabla ya kuuliza chochote, na kufunga pazia kabla ya kugusa. Haya si mapambo ya adabu yanayoongezwa tiba ikishakamilika. Bila hayo hakuna historia ya ugonjwa, na bila historia kipimo chote ni cha kubahatisha.

Liko na zito zaidi. Wanawake wengi wa Kisomali wameketwa na kushonwa utotoni. Daktari ambaye hajapata kuona hali hiyo, akiikuta saa ya kuzaa, hubabaika; aweza kuchana pasipostahili, au kumkimbiza mama thieta kwa upasuaji ambao haukuhitajika, upasuaji utakaomfuata katika mimba zote za baadaye. Mkunga aliyefunzwa hulijua kovu lile. Hulifungua kwa utaratibu na dawa ya ganzi, na mama huzaa njia ya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa jambo hili mwaka 2016. Kenya iliupiga ukeketaji marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, lakini sheria haimsaidii mama aliyekwisha kuketwa miaka 20 iliyopita na ambaye mtoto wake anatoka usiku huu. Anayemsaidia ni yule aliyefundishwa, na aliyefundishwa bila dharau, maana mama yule akionyeshwa uso wa mshangao mara moja, mimba ijayo atazalia nyumbani.

Hapo ndipo tunapofika penye aibu yetu. Sisi ndio wa kwanza kulalamika, katika kila hospitali ya Pwani, kwamba hakuna madaktari wanawake. Twataka tutazamwe na mwanamke, na ni haki yetu. Lakini wanafunzi wa udaktari wanapokuja kitandani na mwalimu wao, hata wakiwa wasichana watupu, twafunika uso na kusema hatutaki kuchezewa na wanafunzi. Na binti yetu mwenyewe akipangiwa mahali ambapo atazalisha, atashona, na atajifunza kushika bandama kwa mkono, twatafuta mtu wa kuibadilisha barua. Huyo daktari mwanamke tunayemtaka, mstahivu, mjuzi na mwenye uzoefu, atokee wapi?

Ajabu ni kwamba kufunza kando ya kitanda ni jambo ambalo ulimwengu wa Kiislamu uliliheshimu mapema. Inasimuliwa kwamba ar-Razi aliketi hospitalini na wanafunzi wake wakiwa wamemzunguka kwa safu. Mgonjwa akapokewa kwanza na walio nje, wakishindwa akapelekwa kwa walio ndani zaidi, na mwisho akafika kwa mwalimu mwenyewe. Na mwaka 319 Hijria, yaani 931 Miladia, mgonjwa mmoja wa Baghdad alipofariki kwa kosa la tabibu, Khalifa al-Muqtadir aliamuru asitibu mtu yeyote mpaka apimwe elimu yake na Sinan bin Thabit. Waliopimwa mjini humo yasemekana walikuwa zaidi ya 800. Wanazuoni walikuwa na msingi wa kusimamia, maana imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kwamba anayejitia utabibu na hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta.

Serikali nayo ina deni lake. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, na kiini kimojawapo cha mgomo kilikuwa madaktari wanagenzi: kupangiwa kwao kazi na malipo yao. Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013, na kaunti yenye zahanati zilizotawanyika katika nchi pana kama Turkana haiwezi kumfunza muuguzi kwa kumwita Lodwar mara moja kwa mwaka, zahanati ikabaki imefungwa wiki nzima. Kakuma nako, misaada ya kigeni ilipopunguzwa mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa, na pesa zikiwa chache mafunzo ndiyo hukatwa kwanza, kwa sababu kukatwa kwake hakupigi kelele siku ile.

Ama binti wa mtaani kwetu, alikwenda. Simu za baba yake hazikuzaa kitu, na labda, kama alivyotuambia mwenyewe baadaye kwa sauti ya chini, hakuzipiga kwa bidii sana. Alimsindikiza mpaka Lodwar, akamtafutia chumba karibu na msikiti na jirani mwenye familia, akakaa siku tatu, akarudi akilalamikia joto tu. Mama bado hulia, lakini siku hizi hulia ikifika simu ya jioni ikachelewa.

Juzi shangazi alikuwapo simu ilipoita. Binti alikuwa ametoka zamu ya usiku katika wodi ya watoto, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. Alisimulia habari za mtoto wa miaka miwili aliyeletwa amelegea, uzito wake kama wa mtoto wa miezi sita.

Shangazi akainyakua simu. "Mkamwekea maji, mwanangu?"

"La, shangazi. Tulimpa maziwa. Kijiko kijiko, mpaka alfajiri."

Shangazi alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama mtoto amelala, na kama mama yake amepata chai.